Mimba ya pili na mtoto mgongoni: hii kazi si ya mama peke yake



Miaka tatu imepita tangu tulipopiga kura, katika mukutano mkubwa wa koperative yetu, juu ya kanuni moja ya ndani. Ilisema hivi: memba ambaye nyumba yake inakosa salongo mara tatu bila yeye kuwa mgonjwa ao kuwa na kilio, atakatwa kwenye risturni ya mwisho wa musimu. Mimi nilinyoosha mkono juu. Nilipiga na makofi. Kulikuwa watu waliozoea kuleta kahawa yao kwenye stasio, lakini siku ya kutengeneza meza za kukaushia ao kuzibua mifereji hauwaoni. Walikuwa wametuchokesha.

Mama mmoja aliyekaa nyuma kabisa aliuliza: "Na mwenye mimba je?" Mmoja wetu akamujibu: "Mama, mimba haiko ugonjwa." Watu wakacheka. Na mimi nilicheka.

Mwaka uliopita ile kanuni ilifika kwangu nyumbani. Ndiyo maana ninaandika. Siombi kurudishiwa pesa yangu. Kanuni ni kanuni, na niliipigia kura mwenyewe. Lakini nimeona sasa kama tulikosa kujibu ule mama vizuri. Wazo langu ni hili: nyumba yenye mtoto anayejifunza kutembea pamoja na mimba ingine ni nyumba yenye kupungukiwa na mikono. Koperative inapaswa kuihesabu hivyo katika kanuni yake, sawa inavyohesabu ugonjwa na kilio. Na sisi wababa tunapaswa kuihesabu hivyo kwanza ndani ya nyumba zetu.

Namna mambo yalitufikia

Mtoto wetu wa kwanza, binti, alikuwa na miezi 11 wakati mama yake alipata mimba ya pili. Hatukuipanga. Alikuwa akinyonyesha bado, na sisi wawili tulijua, kama watu wengi wa huku wanavyojua, kwamba mama anayenyonyesha hawezi kupata mimba.

Munganga wa kituo cha afya ndiye alitueleza. Kunyonyesha kunaweza kuzuia mimba, ndiyo, lakini kwa masharti tatu yaliyo pamoja: mtoto asipitishe miezi sita, awe ananyonya tu bila kupewa kitu kingine, usiku na mchana, na mama asiwe amerudi kuona siku zake. Sharti moja likianguka, ulinzi umekwisha. Sisi yote tatu yalikuwa yameanguka zamani, na tulikuwa tumelala tu na tumaini letu. Munganga alituambia tena kwamba Shirika la Afya Ulimwenguni linashauri kungoja miezi 24 kisha kuzaa, ndipo mama atafute mimba ingine, ili mwili wake upumzike na mtoto wa kwanza apate muda wake. Sisi hatukungoja hata mwaka mmoja.

Mimba ilipofika mwezi wa tatu, wamama wa familia walikuja. Mmoja akasema: "Munyanganye mutoto ziwa, hiyo maziwa imekuwa ya mimba, itamuua." Walipaka bibi yangu kitu kichungu kwenye maziwa. Mtoto alilia siku mbili. Siku ya tatu tulimupeleka kwa nyanya yake, upande wa pili wa mulima, ili asahau. Nilikubali. Niliona ni jambo la wamama, mimi nilikuwa na maharagi ya musimu A ya kufuata.

Kule kwa nyanya hawakumutesa. Alipendwa sana. Lakini alikuwa anakula kile watu wakubwa wanakula: bugali ya muhogo na kidogo cha muchuzi, asubui na magaribi. Mtoto wa mwaka moja na miezi kidogo, aliyezoea ziwa mara nane ao kumi kwa siku, sasa mara mbili tu, na chakula kisichokuwa na kitu cha kujenga mwili. Miezi miwili ikapita. Nilipokwenda kumuona, niliambiwa: "Tazama, amenona." Nilifurahi. Bibi yangu alipomubeba, alibonyeza muguu wake kwa kidole. Alama ya kidole ikabaki pale. Nywele zilikuwa zimeanza kuwa nyepesi na za rangi ya udongo. Hakutaka kucheza. Hakutaka hata mama.

Hapa kwetu Kivu tunaita ule ugonjwa bwaki. Waganga wanaita kwashiorkor. Nimejifunza kisha kwamba hilo neno lilitoka katika luga ya Ga, kule Accra, Ghana, na daktari mmoja wa kike, Cicely Williams, ndiye aliliingiza katika vitabu vya waganga katika miaka ya 1930. Wamama wa Accra walimweleza kwamba ni ugonjwa wa mtoto anayetolewa mahali pake juu ya mwingine anayekuja. Basi hata kule mbali walikuwa wameona kile tunachoona huku: mimba ya pili inaweza kumuangusha mtoto wa kwanza, kama watu wa nyumba hawaangalii.

Alhamisi tatu

Binti yetu aliwekwa katika programu ya watoto wenye utapiamlo. Kila wiki, siku ya Alhamisi, ilifaa apelekwe kituoni apimwe, apewe pakiti za ile karanga ya matibabu. Na Alhamisi, munajua, ndiyo siku yetu ya salongo.

Alhamisi ya kwanza nilikwenda salongo, bibi yangu akaenda kituoni peke yake. Mimba ilikuwa ya miezi sita, mtoto mgongoni, mvua ya mwezi wa tatu imelainisha njia. Aliteleza kwenye muteremko. Alianguka kwa magoti na mikono, akishikilia asianguke na tumbo. Hakuna aliyeumia sana, Mungu asifiwe. Lakini aliporudi alikaa karibu na moto, akaniambia: "Mimi sikatae kazi. Nakataa kufanya kazi ya watu watatu."

Alhamisi tatu zilizofuata mimi ndiye nilibeba mtoto. Njiani wanaume walinicheka. Mmoja alisema bibi yangu amenilisha dawa. Munajua namna watu wa kwetu wanavyosema juu ya mwanaume anayebeba mtoto: wanasema amekwisha kulishwa. Nilipita.

Mwisho wa musimu komite ilifungua kitabu. Nilikuwa nimekosa mara tatu. Nikaeleza. Wakanijibu, kwa heshima, kwamba kanuni inasema juu ya ugonjwa wa memba, haisemi juu ya ugonjwa wa mtoto, na mimba haimo kabisa. Walinikata. Walifanya kile kitabu kinasema. Ni kitabu ndicho kinakosa.

Maneno ya kuacha

Kabla ya kusema juu ya koperative, niseme kwanza juu ya nyumba, sababu kosa kubwa lilikuwa langu, halikuwa la komite.

Neno la kwanza la kuacha ni lile la "maziwa ya mimba". Munganga alitueleza wazi: maziwa ya mama mwenye mimba hayageuki sumu. Yanaweza kupunguka na kubadilika utamu, na watoto wengine wanaacha wenyewe. Lakini kama mimba inakwenda vizuri, mama anaweza kuendelea kunyonyesha, bora yeye mwenyewe apate chakula cha kutosha. Kama aliisha kutokwa na damu katika mimba hii, ao aliisha kuzaa mtoto kabla ya wakati, aulize kwanza kituoni. Hiyo ni kazi ya munganga, si ya jirani.

Neno la pili: kama ziwa linaisha, lisiishe kwa siku moja. Mtoto apunguziwe pole pole, na kila mahali pa ziwa pajazwe na chakula. Mtoto wa mwaka moja na nusu asiyenyonya anahitaji kula mara nne hata tano kwa siku, kidogo kidogo, sababu tumbo lake ni dogo. Na kile anachohitaji tunakilima na kukiuza sisi wenyewe. Ni jambo la kusikitisha: tunauza maharagi, soja na mayai sokoni, kisha tunalisha mtoto muhogo mutupu.

Kwetu sasa tunafanya hivi. Vipimo viwili vya mahindi ao mtama, kipimo kimoja cha soja iliyokaangwa vizuri hadi ipoteze harufu ya mbichi, vyote vinasagwa pamoja. Kwenye uji tunaongeza kijiko cha mawese. Sambaza kavu tunazitwanga ziwe unga, na tunaweka kijiko katika maharagi yaliyopondwa ao katika sombe ya mtoto. Sambaza hazikuwa katika ziwa Kivu zamani, zililetwa kutoka Tanganyika karibu na mwaka 1960, na leo ndizo nyama ya maskini. Unga wake kidogo tu unabadilisha sahani ya mtoto. Lengalenga inaota hata nyuma ya choo. Na wale waliopata mbegu ya maharagi yenye chuma nyingi, zile zilizofuatwa na watafiti wa INERA Mulungu, musiuze zote. Muweke za mama mwenye mimba na za mtoto. Damu ya mama inapunguka katika mimba, na maharagi hayo yanasaidia, pamoja na vidonge vya chuma anavyopewa kwenye CPN.

Neno la tatu ni lile la "CPN ni ya wanawake". Shirika la Afya Ulimwenguni linashauri mara nane katika mimba moja, na ya kwanza isipitishe miezi tatu. Kule mama anapimwa damu na presio, anapewa dawa ya kuzuia malaria, anapewa musikiti wa mbu. Bibi yangu alianza mwezi wa tano, sababu hakuna aliyebaki na mtoto. Hiyo ndiyo hesabu ambayo hatuioni: mtoto mdogo anazuia mama kwenda, na mimba inazuia mama kumubeba mtoto. Mtu wa tatu asipoingia, mmoja wao atalipa.

Na mtoto naye ana huzuni yake. Anaona tumbo linakua, anaona hakubebwi tena. Binti yetu alianza kujilaza chini na kupiga miguu. Tuliita ukaidi. Haikuwa ukaidi. Nilipoanza kumubeba mimi, kumulaza upande wangu, kumupa kazi ndogo, kuleta kikombe, kutupia kuku mahindi, alitulia. Hiyo haikudai pesa hata franga moja. Ilidai mimi kufika nyumbani kabla ya giza.

Kwa nini iwe kazi ya koperative

Watu wengine watasema: hayo yote ni mambo ya nyumba, koperative ni ya kahawa. Sawa, tuongee kahawa.

Musimu wetu mkubwa ni kutoka mwezi wa tatu hadi wa sita. Matunda mekundu yaliyochumwa leo yanapaswa kufika stasio leo, yamenywe leo. Yakilala, yanaanza kuchacha ndani ya mufuko, na kahawa inashuka daraja. Nani anachuma? Wamama. Nani anabeba magaribi? Wamama. Mwenye mimba ya miezi nane anachuma mutwa mzima, mtoto amelala chini ya muti juu ya kikwembe, kisha anabeba kilo 30 kwenye kichwa. Siku hawezi, kahawa inalala. Siku ingine anachuma mbichi pamoja na nyekundu ili arudi haraka kwa mtoto. Kisha sisi tunakaa katika mukutano kuuliza juu ya nini ubora umeshuka.

Kuna pia dawa za kupulizia wadudu. Mama mwenye mimba hapaswi kupulizia wala kuchanganya, hapaswi hata kuosha nguo za yule aliyepulizia kama kuna mwingine wa kuziosha. Na mtoto anayetembea anaweka kila kitu kinywani. Chupa tupu za dawa nimeziona katika nyumba za wamemba wetu, zimewekwa mafuta ya taa, zimewekwa hata maji. Hilo nalo ni jambo la koperative, sababu dawa zinapitia kwetu.

Ninapendekeza mambo mane, na yote yanaweza kufanyika bila kungoja mfadhili.

La kwanza: katika kanuni ya ndani, kando ya "ugonjwa na kilio", tuongeze "mimba kutoka mwezi wa saba, miezi tatu kisha kuzaa, na mtoto wa chini ya miaka miwili aliye katika matibabu". Katika muda huo nyumba isihesabiwe kukosa salongo.

La pili: siku za mavuno, kila kijiji kipange zamu ya kubeba. Vijana wanaokuja na mifuko yao wapitie kwa nyumba zenye mama wa namna hiyo. Walipwe kidogo kwa kilo, ikatwe kwenye kahawa ya nyumba ile. Kahawa yetu itafika siku ile ile, na koperative yenyewe itapata faida.

La tatu: kwenye stasio tujenge kivuli, miti sita na majani juu, na mamemba wawili kwa zamu waangalie watoto mbali na mashine, na maji, na mifereji. Uji uwe pale. Soja tunayo.

La nne: AVEC zetu na MUSO zetu ziko na kasha la usaidizi. Tunafungua lile kasha kwa maiti bila kuuliza maswali. Tulifungue pia kwa kuzaliwa. Pesa ya motari ya usiku kwenda kituoni ni kidogo kuliko pesa ya sanduku.

Wale wanaokataa

Najua majibu, sababu mengine niliyasema mimi mwenyewe.

"Mama zetu walizaa huku wanalima, juu ya nini hawa wa leo?" Ndiyo, walizaa huku wanalima. Lakini mama zetu walikuwa na wadada wadogo nyumbani wa kubeba mtoto. Leo wale wadada wako kwenye masomo, na hiyo ni vizuri. Mikono ile imetoka nyumbani na hakuna mwingine aliyeingia mahali pake. Na tuseme ukweli: katika hao mama zetu, ni wangapi walizika mtoto wa pili ao wa tatu? Uliza nyanya yako akuhesabie. Mimi nilimuuliza wangu. Alihesabu polepole, na hakumaliza kwa mkono moja.

"Watu watatumia mimba kama sababu ya uvivu." Mimba ina karatasi ya CPN, tarehe imeandikwa. Tena, karatasi hiyo ikiombwa na koperative, wamama wengi wataanza CPN mapema. Na mtoto aliye katika matibabu ana karatasi yake. Anayetafuta sababu ya kukosa salongo ana njia fupi kuliko kubeba mimba miezi tisa.

"Mwenye jina katika kitabu ni bwana, basi bwana aje salongo." Hapo ndipo kuna ukweli, na ukweli unauma. Mara nyingi jina ni la bwana, lakini mwili unaokuja ni wa bibi. Kwenye orodha zetu za salongo, tazameni vizuri ni nani alikuwapo. Kwa hiyo nasema mambo mawili pamoja. Kwanza, bwana ambaye bibi yake ana mimba na mtoto mdogo, siku ile ambayo mtoto hana matibabu, aje mwenyewe kwenye salongo. Kanuni mpya isiwe kivuli cha wanaume. Pili, wamama wanunue sehemu yao na waandikwe kwa jina lao. Sheria ya OHADA juu ya koperative, ambayo inatuhusu tangu Kongo iliingia katika OHADA mwaka 2012, inampa kila memba sauti moja, awe na sehemu moja ao mia. Kama ule mama wa nyuma angekuwa na wenzake ishirini wenye kunyoosha mkono, tusingemucheka.

Nimalize

Mtoto wetu wa pili alizaliwa mwisho wa mwezi wa sita, kituoni, bila shida. Dada yake amepona. Anakimbia, anavunja vikombe, anamufunika mdogo wake kikwembe hadi usoni na tunakimbia kumufunua. Nyumba haina usingizi. Bibi yangu na mimi tumeisha kwenda pamoja kuuliza juu ya kupanga uzazi, na safari hii tunangoja ile miezi 24.

Mukutano mkubwa unakaribia. Nimeandikia komite ili hili neno liwekwe kwenye ajenda, na prezida amekubali. Ninaomba kila kijiji kizungumze kabla, wababa na wamama pamoja, ili tusifike pale kujibizana. Kama munaona mapendekezo yangu ni mabaya, leteni mengine. Lakini swali la ule mama lijibiwe.

Na mama yule, kama anasoma hii ao anasomewa: tulikucheka, na haikufaa. Ulikuwa umeuliza vizuri. Siku ya mukutano, tafadhali, ukae mbele.